Mifuko Kumi na Mmoja ya Damu ya Nyumbani

Tarehe 20 Februari 1986, saa nane na dakika kumi mchana, Atari Chiyono, mfumaji wa hariri mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alitoa mililita mia nne za damu katika hospitali pekee ya kisiwa cha Kibana, kusini mwa Japani. Damu hiyo iliingia mwilini mwa mdogo wake kabla haijapoa.

Alikuwa wa kwanza kutoa. Nyuma yake walipanga foleni watu wengine kumi, wote wa ukoo, na yeye ndiye aliyewapanga.

Mdogo wake, Kanemitsu, alikuwa mkulima wa miwa. Asubuhi ile alikuwa akipakia mavuno kwenye shamba la mteremko, upande wa kaskazini wa kisiwa. Mvua ya upepo wa baridi ilikuwa imenyesha siku kadhaa, na udongo mwekundu wa kule ukilowa huteleza kama sabuni. Lori lilirudi nyuma lenyewe, likambana kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Lilipovutwa alikuwa bado anaongea, aliomba sigara. Walipomfikisha hospitali alikuwa hana analoomba, na uso umekuwa na rangi ya mshumaa.

Daktari Kusakabe, mtu wa Kagoshima, mji wa bara, aliyekuwa katika mwaka wake wa pili kisiwani, alimpapasa nyonga mara moja tu akaondoa mikono. Mifupa ilikuwa imevunjika vipande, na damu ilikuwa ikivujia ndani, mahali ambapo huwezi kufunga bandeji.

“Nina maji ya chumvi ya kutosha kumwagilia shamba,” aliwaambia jamaa waliokuwa wamemleta. “Lakini maji hayagandi. Nikimjaza maji ataendelea kuvuja, ila atavuja maji. Anahitaji damu nzima, inayotoka mkononi mwa mtu sasa hivi, yenye kila kitu ndani yake.”

Friji ya hospitali ilikuwa na mifuko miwili ya kundi B. Ilikwisha kabla wauguzi hawajamaliza kumkata suruali. Ndege haikuwa imetua tangu juzi yake. Meli ya Kagoshima ilikuwa imepita alfajiri, ikapiga honi mbele ya bandari na kuendelea na safari bila kutia gati, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya ukuta.

Kila nyumba ya Kibana ina spika ya halmashauri. Hutangaza saa za meli, bei ya viazi, na vifo. Saa saba na nusu ilitangaza: “Wenye damu ya kundi B, tafadhali fikeni hospitali. Wenye damu ya kundi B. Aliyekunywa pombe asije.”

Jina la mgonjwa halikutajwa. Chiyono alikuwa kwenye kitanda chake cha kufumia, akilinganisha nyuzi kwa ncha ya sindano, kazi ambayo ukiiacha katikati mchoro wote hupinda. Aliiacha. Kanemitsu alikuwa kundi B, yeye alikuwa kundi B, na shamba la mteremko lilikuwa limemtia wasiwasi tangu mvua ianze. Alikwenda kwa baiskeli, aproni ingali kiunoni.

Hapa inafaa kueleza Kanemitsu alikuwa nani kwake. Mama yao alifariki mwaka 1952, kisiwa kikiwa bado chini ya Wamarekani na chakula kikiwa ni unga wa mbegu za mtapo, mti wenye sumu ufananao na mtende mfupi; unga huo usipooshwa mara nyingi huua. Chiyono alikuwa na miaka kumi na miwili, Kanemitsu mitatu. Baba alikuwa baharini na baadaye akawa kaburini. Chiyono aliuosha unga ule mwenyewe, akauonja mwenyewe kwanza, akasubiri kuona kama tumbo litamuuma, ndipo akamlisha mdogo wake. Alipofika miaka kumi na minane alikwenda Osaka kwenye kiwanda cha nyuzi ili kijana asome. Kule, mwenye nyumba aliyekuwa amempangisha chumba alimtengea bakuli lake peke yake na kukataza lisichanganywe na mengine. Hakuwahi kueleza kwa nini, na Chiyono hakuuliza. Mlangoni kulikuwa na kibao kilichosema watu wa visiwani hawapangishwi, na yeye alikuwa ameingia kwa kudanganya alikozaliwa. Alirudi baada ya miaka sita. Hakuolewa. Watu wa Kibana walizoea kusema Kanemitsu ana mama wawili, mmoja kaburini na mmoja kwenye kitanda cha kufumia.

Alipoingia hospitali, benchi la korido lilikuwa limeshakaliwa na wanaume sita wenye kofia za plastiki, matope hadi magotini. Walikuwa wajenzi wa ukuta mpya wa bandari, watu wa bara, wale ambao kisiwani huitwa watu wa Yamato. Msimamizi wao, Gondo, alisimama.

“Sisi sote sita ni B,” alisema. “Hatujanywa. Tulikuwa kazini.”

Fujie, mke wa Kanemitsu, alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa mzaliwa wa Miyazaki, naye ni mtu wa bara, aliyeletwa kisiwani na ndoa miaka kumi na mmoja nyuma.

“Wifi, hawa wamekuja,” alisema. “Muuguzi ameshaandaa sindano.”

Chiyono aliwatazama wale sita. Mikono yao ilikuwa mikubwa, yenye mishipa iliyotokeza kama kamba. Muuguzi yeyote angeipenda.

“Watoto wa baba mkubwa wako njiani,” alisema. “Na wa shangazi.”

“Wako njiani. Hawa wako hapa.”

“Mdogo wangu hatatiwa damu ya watu tusiowajua.”

“Dada Chiyono, anakufa!”

“Ndiyo maana naanza mimi. Sasa hivi. Wauguzi wakinimaliza, ndugu watakuwa wamefika.” Kisha akamgeukia daktari aliyekuwa ametoa kichwa mlangoni, glavu zimelowa. “Daktari, si damu ya ndugu ni bora?”

Kusakabe hakuwa na dakika ya kufikiri, lakini alifikiri kidogo, na baadaye angeikumbuka dakika hiyo kuliko upasuaji wenyewe. Alikuwa amefundishwa kuogopa homa ya ini. Wajenzi wa bandari hulala kambi hii na ile, hujidunga dawa za kuondoa uchovu, huchorwa tatuu kwa sindano chafu. Watu wa kisiwa aliwajua mmoja mmoja.

“Kusema kweli, heri watu tunaowafahamu,” alisema. “Lakini haraka.”

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

Jamaa walianza kufika kwa malori ya miwa na pikipiki. Wa kwanza alikuwa Morimasa, mtoto wa baba yao mkubwa, mvuvi wa ngisi mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

“Kundi B hatuna subira, wala adabu,” alisema akikunja shati. “Magazeti yote yanayosoma tabia ya mtu kwa kundi lake la damu yanasema hivyo. Ndiyo maana tumefika kabla ya kundi A kumaliza kufunga kamba za viatu.”

“Umekunywa?” muuguzi alimuuliza.

“Leo? Bado.”

“Nusa mdomo wake,” binamu mwingine alisema kutoka nyuma. “Kanemitsu akipewa ya huyu ataamka anaimba.”

Walicheka. Korido ya hospitali ya Kibana siku ile ilikuwa na kicheko, na mtu asishangae: kila mmoja alikuwa na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ilikuwa imo ndani ya mkono wake. Muuguzi alichukua tone kutoka kwa kila mtoaji, akalichanganya na la mgonjwa juu ya kioo, akaangalia kama litaganda. Halikuganda. Mfuko ulijaa, ukapitishwa dirishani ukiwa na joto la mwenyewe, mwingine ukaanza.

Chiyono alipoondolewa sindano alikataa kulala. Alikwenda jikoni mwa hospitali, akapika chai, akaweka vipande vya sukari nguru kwenye sahani, akawapelekea wale sita wa benchi. Aliinama mbele yao hadi nywele zikagusa sahani.

“Tumepokea moyo wenu,” alisema. “Tafadhali msisumbuke zaidi.”

“Hatukuja kunywa chai, dada,” Gondo alisema, si kwa hasira. “Tupo hapa hapa. Mkipungukiwa, mtuite.”

Hawakupungukiwa. Baada ya mfuko wa tisa daktari alitoka akasema kwamba kinachovuja sasa kinaganda, kwamba ameona kwa macho yake donge likishika kwenye kitambaa. Iliongezwa miwili ya mwisho kwa usalama. Wajenzi wa bandari walikaa mpaka giza lilipoanza, wakavaa kofia zao, wakaondoka.

Kanemitsu alifungua macho siku ya pili. Alimuuliza muuguzi ni damu ya nani aliyopewa, akatajiwa majina yote.

“Na ya Morimasa?” alisema. “Nilijua. Nimeamka natamani pombe.”

Siku zilizofuata zilikuwa, kwa maneno ya Chiyono mwenyewe, siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi. Bahari ilitulia, meli ikaleta dawa na mifuko ya damu kutoka Kagoshima, na mifuko hiyo ikakaa kwenye friji bila kuhitajika. Daktari aliona ni afadhali mgonjwa asihamishwe hadi mifupa itulie. Kanemitsu alikula uji, kisha supu ya nguruwe, kisha akaanza kugombana na Fujie kuhusu nani atavuna miwa iliyobaki. Njiani, wanawake walimsimamisha Chiyono na kumshika mkono wa kushoto, ule wenye alama ya sindano, wakiusugua kidogo kama watu wanaogusa kitu cha bahati.

“Umemzaa mara ya pili,” mmoja alimwambia.

“Safari hii hajanisumbua usiku,” Chiyono alijibu, na ikawa utani wa kijiji.

Alirudi kwenye kitanda chake cha kufumia. Mchoro ulikuwa umepinda kama alivyojua. Alifumua kipande chote cha siku ile, akaanza upya.

Katika siku ya kumi na moja Kanemitsu alipata homa. Daktari alitafuta usaha kwenye kidonda, hakuuona. Kesho yake viganja vilikuwa vyekundu, halafu masikio, halafu kifua, wekundu wa mtu aliyelala juani.

“Dawa imemkataa,” Kusakabe alisema. “Tutabadilisha.”

Alibadilisha. Wekundu ulishuka hadi miguuni. Mgonjwa akaanza kuharisha maji ya kijani, macho yakawa manjano, midomo ikapasuka, na ngozi ya mgongo ikaanza kubanduka ikibaki kwenye shuka. Muuguzi wa maabara alihesabu chembe nyeupe za damu, akadhani amekosea, akahesabu tena. Zilikuwa zikiisha. Damu ya Kanemitsu ilikuwa ikipungua ndani ya mishipa bila kuvuja popote.

“Mpeni yangu,” Chiyono alisema.

Walimpa. Mifuko ya Kagoshima ilikuwapo, lakini Chiyono alisema ya friji ni ya friji; siku ile kilichomwinua ni ya moto. Daktari, ambaye hakuwa na kingine cha kujaribu, alikubali. Mililita nyingine mia nne, mkono wa kulia. Kanemitsu alisema anasikia nafuu. Jioni alikunywa maji mwenyewe.

Kesho yake daktari alipiga simu Kagoshima, kwa mpasuaji mzee aliyewahi kumfundisha. Alieleza tangu mwanzo: ajali, upasuaji, siku kumi njema, kisha homa, wekundu, kuhara, chembe kwisha. Alitegemea kuulizwa majina ya dawa. Mzee yule hakuuliza dawa hata moja.

“Damu ilitoka kwa nani?” aliuliza.

Chiyono alikuja asubuhi iliyofuata ameshakunja mkono wa shati. Alimkuta Kusakabe kwenye korido, kando ya birika la maji ya moto, hanywi chai wala hafanyi chochote.

“Daktari, nimekuja. Leo chukua wa kushoto, umeshapumzika.”

“Shusha shati, dada.”

“Nimekula vizuri. Nimekula ini la nguruwe jana na leo.”

“Si hilo.”

“Ni umri? Kazini kwetu mashine zote ni za kizamani na zinafanya kazi.”

Kusakabe hakutabasamu. Alimuuliza kama wazazi wake walikuwa na undugu.

“Watoto wa ndugu wawili,” Chiyono alisema. “Kibana nani si binamu wa nani? Ukitaka kuoa mtu baki hapa itabidi uoe mbuzi.”

Daktari alimwomba akae. Akakaa kwenye benchi. Kusakabe hakukaa, alizungumza akiwa amesimama, mikono imenyooka ubavuni, kama mwanafunzi anayeitwa kujibu.

Alisema kwamba ndani ya damu nzima kuna chembe ambazo kazi yake ni kushambulia kitu kigeni. Mtu akipewa damu ya mtu baki, mwili wake huziona chembe hizo, huzitambua kuwa ni za mgeni, na kuzimaliza kimya kimya. Lakini damu ya ndugu, hasa ndugu ambaye wazazi wake nao ni ndugu, inaweza kufanana mno na ya mgonjwa. Mwili wake hauzishtukii. Huziacha zipite kama watu wa nyumba. Zenyewe, hata hivyo, zinaona kwamba mahali zilipo si kwao. Zinaanza kushambulia. Ngozi, ini, tumbo, mwisho kiini cha mifupa ambako damu hutengenezwa.

“Kagoshima wameona wagonjwa kama hawa baada ya upasuaji,” alisema. “Kwa miaka mingi walidhani ni dawa. Sasa wapo wanaosema ni damu. Haijakubaliwa na wote. Mwalimu wangu anaamini hivyo.”

“Na wewe?”

“Naamini.”

Chiyono alikuwa anautazama mkono wake uliokunjiwa shati.

“Kwa hiyo ni mimi.”

“Sikusema wewe. Mlikuwa kumi na mmoja. Hakuna njia ya kujua ni ya nani.”

“Nilikuwa wa kwanza. Na juzi nikaongeza.”

Daktari aligeuza uso kwenye birika la maji.

“Wale wa bandarini,” Chiyono alisema. “Ingekuwa ni wale?”

“Hatari ingekuwa ndogo. Ndogo sana.”

“Ulijua?”

“Sikujua. Nilikuwa naogopa homa ya ini.” Kisha akainama, kiwiliwili kizima, akabaki hivyo. Wauguzi wawili waliokuwa wakisukuma kitanda walisimama mbali, hawakuthubutu kupita.

“Inuka, daktari,” Chiyono alisema. “Watu wanatazama. Niambie dawa.”

“Hakuna dawa.”

“Tokyo?”

“Nimeuliza. Tokyo pia hakuna.”

Chiyono alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Alimwomba daktari jambo moja: wale wengine kumi wasiambiwe. Morimasa ana watoto watano, alisema, na anaongea sana kwa sababu hajui kunyamaza na jambo zito. Likimwingia hili atakwenda nalo baharini asirudi. Kusakabe alisema kanuni inataka mke wa mgonjwa ajue. Chiyono akasema mke atamwambia yeye mwenyewe.

Alimwambia Fujie uani, mahali pa kuanikia shuka za hospitali. Alisema yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Fujie alisikiliza akiwa ameshika kibanio cha nguo mkononi.

“Walikuwa wamekaa pale,” Fujie alisema mwishowe. “Sita. Mpaka giza likaingia. Ukawapa sukari.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilisema.”

“Ulisema.”

“Miaka kumi na mmoja kila nikisema kitu katika nyumba hii wifi unanisahihisha. Namna ya kupika wali. Namna ya kufunga maiti. Nikazoea. Siku ile nilijua nasema kweli na nikanyamaza kwa sababu ya mazoea.” Alibana shuka kwenye kamba. “Usinililie hapa.”

Chiyono hakuwa analia. Alisema tu kwamba ataleta chakula cha watoto jioni, na Fujie akasema asilete.

Kanemitsu hakuambiwa. Katika siku zake za mwisho alilala juu ya kitambaa kilichopakwa mafuta, kwa kuwa ngozi haikustahimili shuka, na sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa vidonda vya koo. Akili ilibaki nzima. Hilo ndilo watu wa familia hawakuweza kulivumilia. Chiyono alikaa upande wa kichwa chake tangu asubuhi hadi muuguzi alipomtoa, akimdondoshea maji kwa pamba.

“Dada,” alimwambia mchana mmoja. “Huwezi kunipa kidogo tena?”

“Nini?”

“Damu. Siku ile waliponiwekea yako nilisikia joto linapanda toka miguuni. Nilijua ni yako. Usicheke.”

“Sicheki.”

“Kidogo tu.”

Chiyono alichovya pamba kwenye maji, akaikamua, akaichovya tena.

“Daktari amesema nipumzike kwanza,” alisema. “Wiki ijayo.”

Kanemitsu alimtazama kwa macho yaliyokuwa manjano.

“Umezeeka, basi,” alisema.

“Nimezeeka.”

“Mwambie Morimasa.”

“Nitamwambia.”

Hakumwambia. Kanemitsu aliuliza mara mbili tena kama Morimasa amefika, na mara zote mbili Chiyono alisema bahari ni mbaya. Dirishani bahari ilionekana yote, imelala, mitumbwi ya ngisi ikiwa juu yake. Kanemitsu aliliona hilo, akageuza kichwa upande wa ukuta, na hakuomba tena.

Alifariki tarehe 14 Machi, asubuhi, Fujie akiwa amemshika mguu na Chiyono akiwa amekwenda kuchota maji.

Kwenye msiba, uvumi ulikuwa umetangulia. Wauguzi ni watu, na korido ile ilikuwa na masikio. Morimasa alikunywa mpaka akasimama katikati ya chumba.

“Eti damu ya ndugu!” alisema. “Eti damu ya dada imuue kaka! Mmewahi kusikia? Yule kijana wa Kagoshima alimchoma dawa mbovu, sasa anatafuta pa kujificha. Sema, Chiyono! Mwambie kila mtu ni uongo!”

Wazee walitikisa vichwa wakikubali. Mwanamke mmoja alimshika Chiyono bega. Ilikuwa rahisi, alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kisiwa kizima kingemwamini Morimasa, na daktari angeondoka na meli ya Aprili akiwa na aibu yake.

“Si uongo,” Chiyono alisema. “Ni yangu. Daktari ameipima.”

Hakuna kipimo kama hicho. Kusakabe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa magoti yake, alifungua kinywa asahihishe, akaona Chiyono anamtazama, akakifunga. Morimasa alibaki amesimama na kikombe mkononi. Kisha akakaa. Hakuna aliyemshika Chiyono bega tena jioni ile, na yule aliyekuwa amemshika alikuwa ameuondoa mkono.

Tangu hapo wanawake hawamsimamishi njiani. Hawamtukani, wanamsalimia na kupita. Bado hutoka na baiskeli yake kupeleka hariri iliyokamilika kwenye ofisi ya wafumaji na kurudi. Hospitali imetoa tangazo kupitia spika za majumbani kwamba kuanzia sasa, damu ya dharura haitachukuliwa kwa wazazi, watoto wala ndugu wa mgonjwa. Halikueleza sababu. Kwa wengi lilisikika kama tusi, na wapo waliosema kwamba wakiumia wao, wafe na damu zao.

Fujie na wanawe wawili wanahamia Miyazaki mwishoni mwa Machi, shule zikifungwa.

Kibana wafu hawachomwi, huzikwa mchangani karibu na pwani. Mwaka wa saba kaburi litafunguliwa, na wanawake wa ukoo wataitoa mifupa, wataiosha kwa maji ya bahari na kuiweka kwenye mtungi. Kuosha fuvu ni kazi ya dada. Kanemitsu hana dada mwingine, na mwaka 1993 Chiyono ataliosha.